Kadi Haijaingizwa: Nani Alilipia Viwanda vya Japani?

Ukipanda teksi Dar es Salaam, kuna uwezekano mkubwa dereva akiwasha gari utasikia sauti ya mwanamke, ya upole sana, ikisema Kijapani. Juzi nilipanda Toyota IST pale Mwenge, sauti ikatoka, nikamuuliza dereva huyo mama anasemaje. "Ananisalimia tu, kaka," akanijibu. "Mwaka wa tatu huu, kila asubuhi." Kumbe si salamu. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa, yaani ile kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi huko Japani. Gari limevuka bahari, limepewa namba mpya, limebadilishwa matairi sijui mara ngapi, na bado linadai ushuru wa barabara ambayo halitaipita tena maishani.

Nimeikumbuka sauti hiyo kwa sababu kila Japani inapotajwa kwetu, bungeni au kijiweni, neno la kwanza huwa nidhamu. Wajapani wana nidhamu, ndiyo maana wana viwanda. Sisi hatuna, ndiyo maana tunanunua magari yao yaliyochoka. Maelezo haya ni matamu kwa sababu hayamgharimu mtu kitu. Lakini Willem Huyssen van Kattendijke, ofisa wa jeshi la majini la Uholanzi aliyefundisha ubaharia Nagasaki kati ya 1857 na 1859, aliondoka akinung'unika kwamba Wajapani ni wazito na hawajali muda. Ni watu walewale ambao leo treni yao ikichelewa dakika chache kampuni inaomba radhi. Utamaduni haukugeuka kwa hotuba. Uligeuzwa na kengele ya kiwanda, faini na mkataba, na kuna watu waliofinywa hadi ukageuka. Kwa hiyo swali la yule mama wa kwenye IST naliona zuri kuliko la nidhamu: nani amelipa?

Tuanze na mfuko wa serikali. Meli nne za Kimarekani za Komodoa Matthew Perry zilitia nanga Uraga, mlangoni mwa ghuba ya Edo (Tokyo ya leo), Julai 1853. Mikataba iliyofuata iliifunga Japani mikono: kuanzia 1866 ushuru wa forodha uliwekewa kikomo cha takriban asilimia 5, na nchi haikurudishiwa uhuru kamili wa kupanga ushuru wake hadi 1911. Serikali mpya ya Mfalme Meiji, iliyoingia 1868, haikuweza basi kuvilinda viwanda vichanga kwa ushuru kama Marekani ilivyofanya. Ilikopa London mara mbili, 1870 na 1873, kisha ikaingiwa na hofu ya madeni na kukaa zaidi ya miaka 20 bila kukopa tena nje. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana Misri ilishindwa kulipa madeni yake 1876, na kufikia 1882 askari wa Uingereza walikuwa Cairo.

Likabaki shamba. Zamani mkulima alitoa sehemu ya mavuno. Mwaka ukiwa mbaya, bwana naye alipata kidogo. Sheria ya 1873 ilileta kodi ya asilimia 3 ya thamani ya ardhi, kwa fedha taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka 1876 wakulima wa Ise na kwingineko waliinuka kwa hasira, na Januari iliyofuata kodi ikashushwa hadi asilimia 2.5. Nafuu hiyo haikudumu. Matsukata Masayoshi, aliyeshika wizara ya fedha mwaka 1881, aliamua kuondoa noti zilizozagaa ili sarafu ipate heshima. Sarafu ilipata heshima kweli. Bei ya mchele ikaanguka, bei ya hariri ikaanguka, kodi ikabaki palepale. Maelfu kwa maelfu ya wakulima walipoteza mashamba kwa wakopeshaji, wakawa wapangaji kwenye ardhi waliyozaliwa juu yake. Novemba 1884 wafugaji wa viwavi vya hariri wa Chichibu, milima iliyo magharibi ya Tokyo, walichukua panga na bunduki za kuwindia, wakazivamia nyumba za wakopeshaji na kuchoma hati za madeni. Serikali ilituma jeshi. Viongozi kadhaa walinyongwa.

Wachumi humsifu Matsukata kwamba aliweka msingi: Benki Kuu ilianzishwa 1882, na viwanda na migodi ya serikali ikauzwa kwa akina Mitsubishi na Mitsui. Sipingi. Nataka tu msomaji aione na ile familia ya Chichibu isiyo na shamba tena, ikiwa na binti wa miaka 12, siku wakala wa kiwanda anapobisha hodi.

Kiwanda chenyewe kilianza na hadithi ambayo sisi wa pwani tungeielewa bila mkalimani. Mwaka 1872 serikali ilifungua kiwanda cha hariri Tomioka, mkoa wa Gunma. Mtaalamu alikuwa Mfaransa, Paul Brunat. Mitambo ililetwa kutoka Ufaransa, na mabeseni 300 ya kuvutia nyuzi yakapangwa chini ya paa moja. Wafanyakazi wakakosekana. Ulikuwa umeenea uvumi kwamba wale wazungu wananyonya damu ya wasichana, kwa sababu walikuwa wameonekana mezani wakinywa kitu chekundu. Ilikuwa divai. Anayekumbuka habari za mumiani hatacheka sana. Ilibidi meneja wa kwanza, Odaka Atsutada, amtoe binti yake mwenyewe, Yu, aingie kazini ili wazazi wengine waone kwamba anarudi na damu yake.

Tomioka palikuwa na Jumapili ya mapumziko, palikuwa na daktari, na mabinti wengi waliokwenda walitoka katika koo za samurai. Kilikuwa kiwanda cha kuonyesha njia. Ila wenye mitaji binafsi waliiga mashine, hawakuiga Jumapili. Mji wa Okaya, kando ya ziwa Suwa mkoani Nagano, ulijaa mabomba ya moshi, na wasichana wake wengi walitoka vijiji maskini vya Hida, ng'ambo ya milima, wakipita kwa miguu njia ya Nomugi iliyo kwenye kimo cha mita 1,672 juu ya usawa wa bahari, kwenye theluji, wakiwa wamefungana kwa kamba au mikanda ili asiporomoke mmoja bondeni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vifukofuko vya viwavi vinatumbukizwa kwenye maji ya moto ili gundi ilegee na mdudu aliye ndani afe. Msichana anaingiza vidole kwenye maji hayo, anatafuta ncha ya uzi usioonekana vizuri hata kwa jicho zima, anaunganisha nyuzi za vifukofuko kadhaa kuwa uzi mmoja, anauelekeza kwenye gurudumu. Ukikatika, anatafuta tena. Saa 13, saa 14, kwenye mvuke na harufu ya viwavi waliochemka. Vidole vinababuka, kifua kikuu kinaambukizwa bwenini. Mkataba ameusaini baba, na malipo ya awali baba ameshayala. Ajabu zaidi ni hesabu ya mshahara: jumla ya fungu la mishahara ilipangwa kabla, na kila msichana alipimwa kwa kulinganishwa na wenzake. Aliyezidi aliongezwa kutokana na kilichokatwa kwa aliyepungukiwa. Mwajiri hakuongeza hata sen moja, na kila binti alikuwa mshindani wa aliyelala naye mkeka mmoja. Hiyo nidhamu tunayoisifia, sehemu yake ilifumwa humo.

Uzi ule ulikwenda Yokohama, ukapanda meli, ukawa soksi za wanawake wa Marekani. Hariri ghafi ndiyo iliyoongoza mauzo ya nje ya Japani tangu bandari zilipofunguliwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa fedha hizo zilinunuliwa mashine, pamba na chuma. Shibusawa Eiichi, shemeji yake yule Odaka, alianzisha kampuni ya kusokota pamba Osaka iliyoanza kazi 1883 na pini za kusokotea uzi zaidi ya 10,000. Ufanisi wake haukuwa wa uvumbuzi mkubwa: alileta taa za umeme na kuifanya mitambo izunguke usiku na mchana, wasichana wakipokezana zamu. Sheria ya kuwalinda ilipitishwa 1911, ikaanza kutumika 1916, na zamu ya usiku kwa wanawake haikukomeshwa hadi 1929. Tangu Julai 2024 sura ya Shibusawa iko kwenye noti ya yen 10,000. Wasichana wa zamu ya usiku hawamo kwenye noti yoyote.

Mlipaji wa tatu aliishi nje ya nchi. Japani ilipoishinda Uchina mwaka 1895 ilidai fidia ya tael (kipimo cha uzito cha Kichina) milioni 200 za madini ya fedha, na nyingine milioni 30 kwa kuirudisha rasi ya Liaodong. Fidia hiyo ilisaidia kuiweka yen kwenye msingi wa dhahabu mwaka 1897, yaani thamani yake ikafungwa kwenye dhahabu, na sehemu yake ikajenga kiwanda cha chuma cha Yawata, kilichowashwa 1901. Korea ilimezwa 1910. Kisha Julai 1918 wake za wavuvi wa Uozu, mkoa wa Toyama, waliona mchele unapakiwa melini huku wao hawaumudu tena, wakagoma. Ghasia zikaenea nchi nzima na waziri mkuu akajiuzulu. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuongeza kilimo cha mchele Korea na Taiwan ili mfanyakazi wa Osaka ale kwa bei nafuu. Mkorea aliyeulima akawa anakula mchele kidogo kuliko zamani, akijaza tumbo kwa mtama.

Na sisi tulikuwa sokoni. Mikataba ya bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin 1885 na kurekebishwa 1919, ilikataza upendeleo wa ushuru katika Afrika Mashariki, kwa hiyo Mwingereza hakuweza kumfungia Mjapani mlango Mombasa au Dar es Salaam kama alivyofanya India. Meli za Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za kawaida huku 1926. Zilileta nguo, zikarudi na pamba ya Uganda. Ile merikani, kitambaa ambacho jina lake lilibaki la Marekani, ikawa inafumwa Osaka. Hata kanga nyingi walizovaa bibi zetu, zenye methali zetu kwenye pindo, zilichapwa Japani. Kufikia 1933 Japani ilikuwa imeipita Uingereza katika kuuza vitambaa vya pamba duniani. Watu wa Manchester, mji wa viwanda vya pamba vya Uingereza, walilalamika kwamba Wajapani wanawalipa wafanyakazi wao vibaya, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ambalo Manchester yenyewe ilikuwa na uzoefu nalo.

Katika miaka hiyohiyo ndipo jina la gari letu linapojitokeza. Toyoda Sakichi, mwana wa seremala, alikamilisha mwaka 1924 mtambo wa kufumia uliojisimamisha wenyewe uzi ulipokatika, hivyo msichana mmoja akaweza kusimamia mitambo mingi. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, watengenezaji wakongwe wa mitambo ya nguo, ilikubali kununua haki za mtambo huo kwa pauni 100,000. Mwalimu amekuja kununua daftari la mwanafunzi. Mwana wa Sakichi, Kiichiro, alifungua idara ya magari ndani ya kampuni ya mitambo mwaka 1933, na Toyota ikasimama kama kampuni ya magari 1937.

Vita Kuu ya Pili nitaipita haraka, ingawa haikupita haraka. Bei ya hariri iliporomoka baada ya 1929, na njaa ya 1934 kaskazini mashariki iliwafanya wazazi wauze mabinti, safari hii kwenye madanguro. Maofisa vijana wa jeshi, walioongoza askari waliotoka vijiji hivyo, walichukia wanasiasa na matajiri. Waziri wa fedha Takahashi Korekiyo, aliyeitoa nchi kwenye mdororo kwa kuachana na msingi wa dhahabu na kutumia fedha za serikali, aliuawa na askari kitandani mwake Februari 26, 1936, baada ya kujaribu kubana bajeti ya jeshi. Baada yake hakukuwa na wa kubana. Mwaka 1945 miji ilikuwa majivu.

Sasa huu ukuaji wa baada ya vita, unaoitwa muujiza. Kwa karibu miaka 20, toka katikati ya miaka ya 1950 hadi 1973, uchumi ulikua kwa takriban asilimia 10 kwa mwaka. Sababu ni nyingi: yen iliyofungwa kwenye 360 kwa dola tangu 1949, soko la Marekani lililoachwa wazi, wizara ya biashara na viwanda iliyogawa fedha za kigeni kwa aliyestahili. Na Vita vya Korea. Toyota ilikuwa hoi katika nusu ya kwanza ya 1950, wafanyakazi wamegoma, Kiichiro amejiuzulu; Juni vita vikaanza na jeshi la Marekani likaagiza malori. Mkorea alilipa tena.

Lakini mimi naweka kidole mahali ambapo sifa hizo hufika mara chache. Kati ya 1946 na 1950 serikali, chini ya shinikizo la Wamarekani, ilinunua karibu hekta milioni 2 kutoka kwa wenye ardhi na kuziuza kwa wapangaji kwa bei ndogo. Wenye ardhi walilipwa hati za dhamana ambazo mfumko wa bei ulizila. Ardhi ya kukodi ilishuka kutoka karibu nusu ya mashamba yote hadi karibu sehemu moja ya kumi. Tangu 1873, ilikuwa mara ya kwanza bili kupelekwa kwa mwenye nacho. Vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa. Kuanzia 1955 vikaanza kudai nyongeza kwa pamoja kila majira ya kuchipua, mwaka baada ya mwaka. Waziri mkuu Ikeda Hayato alipoahidi mwaka 1960 kwamba pato la taifa litaongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi, lilitimia mapema, na aliyenunua friji na televisheni alikuwa mtoto wa mpangaji wa jana. Kiwanda kilipata mteja nyumbani.

Hata hivyo sitaki kuipaka rangi enzi hiyo. Vijana wa miaka 15 waliopakiwa treni maalumu toka kaskazini hadi stesheni ya Ueno, Tokyo, wakiitwa mayai ya dhahabu, walikwenda kulala juu ya karakana. Huko Minamata kampuni ya Chisso ilimwaga zebaki baharini. Ugonjwa ulioletwa na zebaki hiyo uligunduliwa rasmi 1956, na serikali ikakiri chanzo chake 1968. Miaka 12, wavuvi wakiendelea kula samaki. Mwaka huohuo wa 1968 Japani ilishika nafasi ya pili ya uchumi katika nchi za kibepari.

Kilichofuata tunakijua kwa kichwa cha habari. Makubaliano ya Plaza, ya nchi tano tajiri kushusha thamani ya dola, Septemba 1985, yalipandisha yen kwa kasi. Benki Kuu ikashusha riba hadi asilimia 2.5 ili wauzaji nje wapumue. Fedha rahisi zikakimbilia viwanja na hisa. Fahirisi ya Nikkei, kipimo cha bei za hisa za Tokyo, ilifika 38,915 siku ya mwisho ya biashara ya 1989, na haikurudi pale hadi Februari 2024. Mtu aliyenunua hisa akiwa kijana alisubiri hadi kustaafu. Benki hazikutaka kukiri hasara, serikali haikutaka kuzilazimisha, na Novemba 1997 kampuni ya hisa ya Yamaichi ilipokufa rais wake alilia mbele ya kamera akisema wafanyakazi hawana kosa.

Makampuni hayakuwafukuza wazee. Heshima ya ajira ya kudumu ililindwa. Yalifunga mlango kwa wanaoingia. Waliomaliza shule na vyuo kati ya 1993 na 2005 hivi wanaitwa kizazi cha zama za barafu. Wengi walianza na vibarua na mikataba ya miezi, na mfumo wa kuajiri mara moja tu, unapomaliza masomo, haukuwapa nafasi ya pili. Mwaka 1990 mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuwa na ajira ya kudumu. Leo ni zaidi ya mmoja kati ya watatu, na wengi wao ni wanawake. Halafu wazee wa serikali wanashangaa mbona vijana hawaoi, mbona idadi ya watu inapungua tangu 2008 au karibu na hapo.

Bei ziliganda kama mishahara. Mwaka 2016 kampuni inayotengeneza barafu ya kijiti ya Garigari-kun ilipandisha bei kutoka yen 60 hadi 70, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 25, na ikatoa tangazo la televisheni ambamo mkubwa wa kampuni na wafanyakazi wake wamejipanga mbele ya kiwanda, wanainama kuomba radhi. Tangazo hilo lilisambaa duniani kama mfano wa adabu ya Kijapani. Ninachokiona mimi ni nchi ambayo mshahara haukupanda robo karne, kiasi kwamba yen 10 za barafu ni jambo la kuinamiwa.

Sasa vijana wamepungua, na mitambo bado inazunguka. Mwaka 1993 Japani ilianzisha mpango wa mafunzo ya ufundi kwa wageni, ambao kwa jina ni elimu na kwa vitendo ni vibarua vya miaka michache. Anayekuja hukopa kwao kumlipa wakala, na sheria ilimzuia kuhama mwajiri hata akionewa; bunge lilipitisha mabadiliko mwaka 2024, ya kuanza kutumika 2027. Sehemu moja inayotegemea sana watu hao ni karakana ndogo za kushona nguo za mkoa wa Gifu. Walianza kuja Wachina, wakafuata Wavietnamu, wengi wao wanawake, na baadhi ya karakana zimebainika kuwalipa chini ya kima cha sheria kwa saa za usiku.

Hida, kule walikotoka wasichana waliopita Nomugi wakiwa wamefungana kamba, iko Gifu.